Kilemba na Mkaja katika Nchi ya Thailand

Miongoni mwa vijana niliowasomesha Juzuu Amma yuko mmoja aliyeingia katika biashara ya vito. Yakuti za Tunduru, tangu miaka ya 1990, nyingi huishia Bangkok na Chanthaburi, miji ya Thailand ambako hukatwa na kuuzwa, naye huzifuata huko. Mwaka jana aliniletea barua ndefu. Amemposa binti wa nchi ile aliyekwisha kusilimu, lakini wazee wake ni Mabudha wa Isan, nchi ya mpunga kaskazini-mashariki. Wazee wametaja baht 200,000, pamoja na dhahabu ya uzito wa baht 3. Kwani huko baht ni jina la sarafu na pia ni jina la uzito wa dhahabu, gramu 15 na kidogo. Rafiki zake Wazungu wamemwambia asitoe hata senti moja, ya kwamba mke hanunuliwi. Akaniuliza: "Maalim wangu, je, hii si biashara?"

Neno hilo la biashara lilinishughulisha siku nyingi. Fedha ile huitwa sin sot, nayo hupewa wazazi. Ina jina jingine pia, kha nam nom, yaani malipo ya maziwa aliyonyonyesha mama. Mtu wa pwani asikiapo hayo hana haja ya mfasiri. Sisi tunao mkaja, tunao ubeleko, tunacho kilemba cha baba. Wala hapana aliyesema kuwa mama zetu waliuzwa. Hata siku ya harusi, jamaa za bibi arusi wa Kithai hukinga mnyororo njiani, na bwana arusi hapiti ila kwa bahasha. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo, kwani mimi nilipooa, shangazi yake mke wangu alishika komeo la mlango mpaka nikatoa noti ya pili.

Walakini tofauti ipo, nayo si ndogo. Mahari, kwa hukumu ya Sura ya Nisaa, aya ya 4, ni haki ya mke mwenyewe. Sin sot ni ya wazee. Sheria ya Thailand, katika kifungu cha 1437, imeyapambanua mambo haya mawili: vitu vya uchumba, navyo kwa desturi ni dhahabu, ni mali ya mposwa, sin sot ni ya wazazi wake, na ndoa isipofungwa kwa sababu itokayo upande wa mposwa, mtoaji aweza kuidai. Basi nikamwandikia: Mwanangu, dhahabu uitaje kuwa mahari mbele ya mashahidi, na hiyo fedha uihesabu kilemba, uitoe kwa kadiri ya uwezo wako. Tena usisahau kuiandikisha ndoa kwenye ofisi ya wilaya, pamoja na hati ya ubalozi wako, kwani sherehe peke yake serikali ile haiitambui kuwa ndoa.

Kisha nikamuuliza nani aliyepatana na wazee. Akajibu kuwa ni yeye mwenyewe, kwa kinywa cha mchumba wake. Hapo ndipo nilipoiona biashara aliyoiogopa! Mwanamume kubishana bei ya harusi yake na binti atakayelala naye chumba kimoja, hilo ni soko hasa. Wathai wenyewe wanaye mshenga wao, mtu mzima mwenye heshima, wamwitaye thao kae. Naye ajua ambayo mgeni hayajui: kwamba fedha hupangwa juu ya sinia ili majirani waione, na kwamba wazazi wengine, watu wakiisha kutawanyika, huwarudishia maarusi nusu yake au yote. Mgeni aulizaye mapema kama atarudishiwa huwavunjia heshima.

Lakini kijana alitishwa zaidi na mambo ya baada ya harusi. Binti huwapelekea wazazi fedha kila mwezi tangu hajamjua. Huko fadhila za wazazi huitwa bunkhun, nazo mtoto wa kike huzibeba kwa uzito sana. Rafiki zake wanamshauri amkataze. Mimi sioni kama huo ni uanaume. Aulize kiasi gani, akijue kabla ya nikahi, asije akakisikia mwezi wa pili. Kujenga nyumba, hilo ni jambo jingine: mgeni hamiliki ardhi kule, na kiwanja kikiandikwa kwa jina la mke, mume hutakiwa kutia sahihi kwamba fedha yake haimo. Mtaji wa vito usiende huko.

Akampata mzee Mwislamu wa Bangkok, naye akasafiri mpaka Isan kwa niaba yake. Wamepatana baht 120,000, dhahabu ile ile, na baht 5,000 kila mwezi kwa wazazi. Nikahi ni baada ya mavuno ya mpunga. Juu ya paa jipya la nyumba ya mkwewe bado hawajaelewana.