Kola ya Shati

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alipiga picha ubeti aliopewa aandike kwa lugha ya nathari, akabonyeza simu, jibu likatoka kabla chai yangu haijapoa. Mshairi ni Mmvita, kaandika "ndia", yaani njia. Simu ikasoma "njaa". Maskini msafiri aliyepotea njia akageuzwa mtu wa kuomba chakula.

"Mjomba, si maana ni ile ile?"

Kazi hiyo ya kugeuza ubeti kuwa nathari mimi nilifunzwa na fundi cherehani wa Kibokoni. Nilikuwa nikisema ni 1985, lakini cheti changu cha sekondari kinanisuta: tulikuwa watahiniwa wa kwanza wa KCSE, 1989, kwa hiyo ni baadaye kidogo. Si neno. Ninayoikumbuka vizuri ni harufu ya kile kiduka: mafuta ya cherehani, pasi ya makaa, na kahawa ya yule muuzaji aliyepita akigonganisha vikombe. Magharibi ikikaribia, fundi alisoma mashairi ya Taifa Leo kwa sauti, na mwenye kukosea mizani alimtukana kwa jina.

Siku moja nikampelekea daftari lenye nathari ya ubeti mmoja wa gazetini. Nilikuwa nimebadilisha neno kwa neno: "moyo" nimeandika "mtima", "safari" nimeandika "mwendo", na "wangu moyo" ya mshairi imekuwa "wangu mtima". Akacheka mpaka akavua miwani. Mkononi alikuwa na shati la mteja, kola imelika shingoni, anaifumua aigeuze upande mzima uje juu.

"Huyu kasema 'wangu moyo' kwa sababu anatafuta kina. Wewe unatafuta nini?"

Akafunga gazeti, akaniambia nimsimulie ubeti kama ninayemwambia mamangu jikoni. Nikashindwa. Akanisomea tena. Mara ya tatu nikaweza, na ndipo aliponiruhusu kushika kalamu.

Baadaye ikaja miongozo yenye nathari iliyokwisha kuandikwa, wanafunzi wakaikariri, na walimu (nami nilikuwa mmoja wao) tukaitia alama. Kisha zikaja simu. Hata mashati siku hizi hayageuzwi kola, yananunuliwa mengine mitumbani.

Nilimnyang'anya mpwa wangu simu, nikamsomea ubeti mara tatu. Akaandika mistari minne kwa mkono. Ina makosa mawili ya tahajia, na msafiri amerudi njiani.