Joto la Kampala na Inzi Mweupe wa Muhogo

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kampala, akina mama wa soko la Kalerwe huwa wamekwisha kupanga mihogo yao mafungu mafungu. Mnunuzi mwerevu hadanganywi na ganda. Huomba muhogo mmoja uvunjwe mbele ya macho yake. Ukiwa mweupe pe, hutoa fedha yake. Ukiwa na madoa ya kahawia, makavu kama gome la mti, huurudisha na kwenda zake.

Madoa hayo ni alama ya ugonjwa uitwao michirizi kahawia. Aliyeuambukiza mmea ni mdudu mwenye urefu wa milimita moja tu, na anayemsaidia mdudu huyo kuzaana ni joto.

Jiji la Kampala limo kwenye kimo cha meta 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mchana joto hufika nyuzi 27 au 28 za Sentigredi; usiku hushuka hadi 17 au 18. Wageni huisifu hali hiyo ya hewa, na inzi mweupe naye hana malalamiko juu yake. Hapa hakuna majira ya baridi kali yatakayomwangamiza. Mvua kubwa za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, humwangusha kwa muda. Mbingu zikitakata, huanza upya.

Njia ya Namulonge

Msafiri atokaye Wandegeya, akapita Mulago, Kalerwe, Mpererwe na Kasangati hadi Gayaza, huona nyumba zikipungua na mashamba ya mihogo na migomba yakiongezeka. Mbele zaidi, kilomita 27 hivi kutoka jijini, kipo kituo cha utafiti cha Namulonge. Kituo hicho kilianzishwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya pamba. Leo muhogo ni mojawapo ya mazao yake makuu.

Mtu akigeuza jani changa la muhogo katika nchi hizo, huenda akaona vumbi jeupe likiruka na kutua tena. Hao ndio inzi weupe. Jike hutaga mayai chini ya jani. Mtoto akianguliwa hutembea kidogo, kisha hukaa mahali pamoja akifyonza utomvu, mpaka atoke akiwa na mabawa.

Muda wa safari hiyo hupimwa kwa joto, kwani mdudu hana joto lake mwenyewe la mwilini. Ni kama unga wa maandazi uliotiwa hamira: siku ya jua huumuka upesi, siku ya baridi mama wa nyumba husubiri sana. Wataalamu waliomfuga inzi huyu juu ya pamba waliona kwamba penye nyuzi 15 huchukua siku 60 na zaidi toka yai hadi mabawa. Penye nyuzi 30 huchukua siku 17 hivi. Katika joto la wastani la Kampala, ni kama mwezi mmoja. Joto likizidi nyuzi 35, naye huanza kudhoofika.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kila jike aache majike 10 tu yatakayoishi. Penye baridi, baada ya miezi miwili, kuna majike 10. Penye joto, ambapo vizazi vitatu vimekwisha kupita, kuna majike 1,000.

Kimo kilichoaminiwa kuwa ngome

Kila mtu apandapo mlima meta 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa sababu hiyo inzi weupe ni wachache katika milima ya Kabale kuliko nchi za chini. Kwa miaka mingi iliaminiwa pia kwamba michirizi kahawia, uliotambuliwa Tanganyika katika miaka ya 1930, ni ugonjwa wa pwani na nchi za chini, usioweza kuenea juu ya meta 1,000.

Mwaka 2004 imani hiyo ilivunjika. Ugonjwa ulionekana katika mashamba ya karibu na Kampala, na Namulonge yenyewe, juu ya kimo hicho. Kabla ya hapo Uganda ilikuwa imekwisha kuonja msiba mwingine. Mwaka 1988 batobato kali ilitokea Luwero, kaskazini mwa Kampala, ikaenea kwa kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Huko Teso, aina ya muhogo iliyopendwa sana, Ebwanateraka, haikuweza kustahimili. Wakulima wengi waliacha kabisa kupanda muhogo, na njaa ikabisha hodi.

Joto peke yake halikuleta misiba hiyo. Virusi vipya vilizuka, na inzi wenyewe wakaongezeka kupita kiasi. Lakini dunia inavyozidi kupata joto, miinuko iliyokuwa kizuizi kwa mdudu huyu huenda ikawa makao yake.

Mzigo wa uhamisho

Hapa ndipo familia za askari zinapohusika. Inzi huruka mwendo mfupi, akisaidiwa na upepo. Pingili za muhogo husafiri kilomita mia nne kwa siku moja. Askari apatapo uhamisho, mkewe hufunga vyombo, magodoro, na mara nyingi pingili chache za muhogo aliouzoea, ili apande nyuma ya nyumba mpya. Nia ni njema kabisa. Lakini pingili yaweza kuonekana safi huku imebeba virusi, na inzi wa huko watausambaza ugonjwa kwa majirani.

Basi yafaa familia iache pingili zake, na ikifika iombe mbegu safi kwa bwana shamba wa wilaya. Namulonge imetoa aina zinazostahimili magonjwa haya, kama NASE 14 mwaka 2011 na NAROCASS 1 mwaka 2015. Mche mchanga wenye majani ya batobato ung'olewe mara moja. Kupuliza dawa ya sumu bustanini si shauri jema: huwaua pia nyigu wadogo wamlao inzi mweupe, na kisamvu ni mboga ya watoto.

Joto la Kampala halina wa kulizuia. Mzigo wa pingili una mwenyewe, naye aweza kuutua kabla gari halijaondoka.