Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ya mtoto nayo ni mali.

Shule zote za Rwanda zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nyumba nyingi za Kigali ziligeuka madarasa. Nami nilimfundisha mwanangu nyumbani, redio ikitusaidia. Kila jioni niliandika tarehe, somo na alama. Shule zilipoanza kufunguliwa Novemba, mwalimu alisoma daftari lile, akajua aanzie wapi.

Jirani yangu, mke wa askari, aliniuliza, “Dada, mama mzazi nipo, karatasi za nini tena?” Nilimjibu kwamba fomu haimtuhumu mama, bali humshuhudia mtoto. Baba akihamishwa, mwalimu mgeni atajua yale tu yaliyoandikwa. Pasipo ushahidi, mtoto huenda akarudishwa darasa alilokwisha kulimaliza.

Basi wazazi wenzangu, wekeni pamoja cheti cha kuzaliwa, namba za vitambulisho vyenu na ripoti za shule. Cheti huombwa kwa mtandao wa Irembo. Na tangu mwaka 2020, mtoto azaliwaye katika kituo cha afya huandikishwa papo hapo. Linganisheni jina lake, herufi kwa herufi, kabla hajaandikishwa kwa mtihani wa taifa wa darasa la sita.

Askari hakabidhi lindo pasipo kuandika kitabu cha zamu. Nasi tusimkabidhi mtoto kwa mwalimu mikono mitupu.