Changu Ni Chako, au Ni Chetu?

Mume wangu alinipa hiari mbili: paka au kanzu. Ilikuwa Ijumaa, adhana iko karibu, na kanzu nyeupe niliyoipiga pasi usiku ilikuwa inanuka mkojo wa paka dume. Mwenzangu mwenye dume ndani unaijua harufu hiyo. Ukifua mara moja haitoki.

Dume mwenyewe anaitwa Changu. Nilimuokota akiwa mdogo, chini ya meza ya muuza samaki sokoni Darajani, siku niliyokwenda kununua changu wa kukaanga. Soko lile lipo tangu mwaka 1904, na mimi nadhani paka wa kwanza alifika kabla ya samaki wa kwanza. Nikamtia kikapuni pamoja na ndimu, nikapanda naye ghorofani kwetu.

Mume wangu alipolisikia jina akacheka. "Changu ni chako," akasema. "Si chetu." Ulikuwa mzaha tu, lakini tukauishi. Nikichelewa kazini, paka hali. Akichafua, uchafu unanisubiri mimi. Na mimi kwa jeuri yangu sikuomba msaada.

Alipofika miezi minane akawa shume kamili. Usiku anapiga kelele juu ya mabati, alfajiri anarudi sikio limechanika, mchana anarusha mkojo mlangoni, kwenye viatu, na Ijumaa ile kwenye kanzu.

Jioni nikamwambia mume wangu nitampeleka kuhasiwa. Nilitegemea atafurahi. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanamume mwenzangu huyo. Unamwondolea uanaume kwa sababu ya kanzu?" Jamani! Mchana alitaka paka aondoke, jioni anamtetea. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Tukamuuliza shekhe. Akatuambia wanazuoni wamekhitalifiana: wapo wanaokataza, na wapo wanaoruhusu pakiwa na maslahi na mnyama asidhurike. Hilo neno la mwisho, asidhurike, ndilo lililotukubalisha sote wawili.

Basi nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kwa dume operesheni ni fupi. Korodani hutolewa kupitia vitundu vidogo, na mara nyingi hakuna hata uzi wa kushona. Lakini nilipokabidhiwa paka wangu, macho wazi, ulimi nje, hajitambui, nilijuta.

Siku ile mume wangu alirudi mapema kutoka bandarini Malindi. Hakusema kwa nini. Tulimlaza Changu sakafuni juu ya kanga, mbali na ngazi na dirisha, maana paka mwenye nusu kaputi mwilini akiwekwa kitandani huanguka.

Saa tano usiku natoka kuoga, namkuta mume wangu amechuchumaa na kijiko mkononi. Amesaga nusu kidonge cha Panadol ndani ya maziwa. "Anatetemeka," akaniambia. "Anaumwa, na hawezi kusema."

Nilimpokonya kikombe kwa ukali mpaka maziwa yakamwagika. Daktari alikuwa ameniambia akininyooshea kidole: dawa hiyo kwa paka ni sumu. Ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Nusu yake pia ni hatari.

Mume wangu akaketi chini. "Ningemuua," alisema taratibu.

Nilitaka kumlaumu, nikakosa pa kuanzia. Maagizo yote ya daktari nilikuwa nayo mimi kichwani, na sikumwambia hata moja. Paka wangu, maagizo yangu. Mtu aliyeambiwa, na akajiambia mwenyewe, kuwa hiki si chake, angejua vipi?

Nikachukua kalamu. Usiku uleule tukaandika, tukabandika kwenye friji:

Jioni ya kwanza, maji na chakula kidogo tu. Apate joto.

Asitoke nje siku kumi. Hata baada ya hapo, kwa wiki kadhaa bado anaweza kumpa jike mimba.

Mchanga wa choo chake utolewe wiki ya kwanza, usiingie kidondani. Tulichana magazeti badala yake.

Asiogeshwe. Kidonda kisipakwe kitu: si Dettol, si bizari, si mafuta. Akikiramba sana, avishwe ile kola inayofanana na bakuli.

Kidonda kiangaliwe asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo ni kawaida. Uvimbe unaozidi, damu inayodondoka, usaha, au kukataa kula zaidi ya siku moja, kwa daktari.

Akijikamua na mkojo hautoki, msisubiri asubuhi. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, ikiziba inaua.

Dawa ya maumivu ni ile ya daktari wake tu.

Tukagawana zamu. Mimi asubuhi, yeye jioni. Kabla ya hapo mume wangu hakuwa na desturi ya kunipigia simu kazini bila ya jambo. Wiki ile alipiga kila siku: "Amekula? Amekojoa?" Cheka utakavyo, lakini mimi nilikuwa naisubiri simu ile.

Nisikudanganye kuwa harufu iliisha kesho yake. Athari ya homoni huchukua wiki kadhaa kupungua, na mazoea nayo yana tabu. Madume wengi huacha, wachache huendelea. Wetu aliacha baada ya mwezi na kidogo. Masikio yamepona, kelele za mabati hazipo. Tumbo ndilo linalotushughulisha sasa, kwani paka aliyehasiwa hunenepa upesi, na sahani yake imebidi ipunguzwe.

Kwa hiyo wewe na mwenzio mkiamua kumhasi dume wenu, nendeni wawili kwa daktari. Kama haiwezekani, basi maagizo yafike nyumbani kabla ya paka. Huruma isiyojua inaweza kuua.

Juzi nilichelewa ofisini. Nikamtumia mume wangu meseji: umempa Changu chakula?

Akajibu: "Chetu kishakula."