Kiwangwa: paka wa msikitini na mafua yasiyokwisha

Msafiri anayetoka Bagamoyo kwenda Msata, katika barabara ile ya lami ya kilomita 64, akishavuka bonde la Ruvu na kuipita Fukayosi, huambiwa na pua yake mwenyewe kwamba Kiwangwa imekaribia. Msimu ukiwa umeshamiri, mananasi hupangwa mafungu mafungu kandokando ya njia, na yale yaliyopitiliza kuiva hutoa harufu tamu yenye uchachu mdogo, inayoingia ndani ya basi hata madirisha yakiwa yamefungwa. Malori huja kupakia, wachukuzi huimba, na vumbi la mashamba hukaa juu ya kila kitu, majani ya mihogo na mabati ya msikiti wetu yakiwemo.

Katika mji huu wa harufu, sisi tunaishi na kiumbe asiyesikia harufu yoyote.

Alikuja mwishoni mwa msimu uliopita. Mfanyabiashara mmoja aliingia kuswali Alasiri, akaacha matenga yake matupu uani, na watoto wa madrasa wakasikia sauti nyembamba ndani ya mojawapo. Alikuwa mtoto wa paka, jike, mwili wake hauzidi kiganja cha mkono, jicho la kushoto limegandamana kwa matongo na pua imezibwa na kamasi nzito. Watoto wakamwita Tenga. Mwenye matenga alipoulizwa alicheka, akasema huyo hakuwa katika hesabu yake ya mzigo, akaondoka.

Wiki za mwanzo tulidhani ni vumbi. Tukamfuta jicho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, tukamlaza juu ya kipande cha kanga karibu na jiko, tukangoja apone. Akapata nafuu siku nne, akaanza tena. Akapata nafuu wiki nzima, akaanza tena. Usiku alikoroma kama mtu mzima.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye huruma nyingi, alikuja na nusu ya kidonge cha panadoli alichokisaga ndani ya maziwa. Tulimshukuru, tukamwekea Tenga kisahani. Hakunywa. Tulisikitika sana siku ile, na tulimlaumu mnyama kwa ukaidi.

Jambo lililolifikisha suala hili katika kamati ya msikiti lilikuwa ndoo ya maji ya udhu. Baada ya Adhuhuri moja, mzee wetu mmoja, ambaye katika safu ya kwanza hakosekani, alimwona Tenga amesimama juu ya ukingo wa ndoo, anakunywa, na alipokwisha kunywa akapiga chafya mbili humo humo. Mzee alikuja kwetu taratibu.

"Ustadhi," alisema, "mmetusomesha kwamba mate ya paka ni twahara. Nimekubali. Je, na kamasi?"

Tulikuwa na jibu mdomoni, lile ambalo kila aliyepita chuoni analo: kisa cha Abu Qatada (r.a.), aliyeingia nyumbani kwa mke wa mwanawe, Kabsha bint Ka'b bin Malik, akatiliwa maji ya udhu. Paka akaja akitaka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Kabsha akatazama kwa mshangao, na mkwewe akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, na ni mashuhuri. Lakini mzee hakuuliza habari za paka mzima. Tukamwomba atupe muda hadi Isha.

Ndugu msomaji, tuliporudi vitabuni tuliona kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii waliwatazama paka kwa makini kuliko sisi tunaoishi nao. Wamejadili hata paka aliyekula panya mdomo ukapata najisi, kisha akatoweka kitambo ambacho huenda alikunywa penye maji mengi, halafu akarudi na kutia ulimi chomboni: maji yale hayahukumiwi kuwa najisi. Ama kinachotoka mwilini kwa mnyama aliye twahara angali hai, mate yake, jasho, machozi na kamasi, hukumu yake ni ya mnyama mwenyewe, nayo ni twahara. Usaha na damu ni najisi. Ndoo yetu haifikii qullatayni, ambayo wengi huikadiria kuwa lita 200 au zaidi kidogo, hivyo lau tungeona damu au usaha umeingia, maji yale yasingefaa kwa udhu. Hatukuona. Ilikuwa kamasi ya paka mgonjwa, na maji yalikuwa twahara.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sheria nimeifahamu. Lakini moyo wangu hauyataki." Hatukuona kosa katika neno lake. Kitu kuwa twahara hakumlazimishi mtu kukipenda. Maji yale yakamwagiwa mpapai, ndoo ikapata kifuniko, na Tenga akawekewa bakuli lake nyuma ya chumba cha madrasa.

Hata hivyo, kikao cha kamati hakikuishia kwenye ndoo. Ndugu mmoja alipendekeza atiwe kwenye kiroba apelekwe barabarani, pale malori yanapopakia, "apate wa kumlea." Desturi hii ipo, tusifichane, kila soko la ukanda wetu lina paka walioletwa kwa viroba. Mwingine akaikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhini. Hapo ndugu wa kiroba akajibu, na jibu lake lilikuwa na uzito: "Basi mimi ndiye ninayemwachia. Kosa la yule mama lilikuwa kufungia."

Tulinyamaza kidogo. Ni kweli kwamba hadithi ile, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inampa paka njia mbili, kulishwa au kuachwa huru. Lakini uhuru wa paka umo puani na machoni mwake. Huyu ana jicho moja linaloona vyema na hasikii harufu ya panya aliye mbele yake. Ukimfungulia mlango ukampeleka kando ya lami, umemfungia ndani ya maradhi yake, na huko hakuna atakayemlisha. Tulisema hivyo, na tukaongeza kwamba nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Nadhani lililowaingia wajumbe ni lile la pua. Ikaamuliwa abaki kwetu nyumbani, si msikitini, na gharama zisiguse mfuko wa msikiti. Hilo la mwisho tulilisisitiza wenyewe: sadaka iliyotolewa kwa ajili ya msikiti haina ruhusa ya kununua dawa za paka wa katibu.

Afisa mifugo aliye karibu nasi alitupokea kwa wema. Akili yake yote imo katika ng'ombe, mbuzi na kuku, na yeye mwenyewe alikiri kwamba paka huletewa kwa nadra. Alitupa dawa ya macho ya tetrasaiklini, akatushauri twende kwa daktari wa mifugo Dar es Salaam. Tukaondoka baada ya Alfajiri, Tenga akiwa ndani ya kikapu cha ukili kilichofunikwa kanga. Ruvu ilikuwa imejaa ukungu. Kila alipopiga chafya abiria waligeuka kututazama sisi, nasi tukawa tunasema "si mimi" mpaka basi zima likacheka. Mama aliyekaa na ndizi zake akaomba afunuliwe amwone, akasema maskini, ana macho ya mtu aliyelia. Bagamoyo tukabadili gari, Bunju tukakwama kwenye foleni, na ilikuwa karibu na Adhuhuri tulipofika.

Daktari alimtazama meno, akakadiria umri wake, akamfungua kinywa kutafuta vidonda vya ulimi, kisha akatueleza jambo ambalo hatukulitarajia. Mafua ya paka, alisema, mara nyingi huletwa na virusi vya aina mbili, herpesi ya paka na kalisi. Wote wawili hawamwambukizi binadamu. Watoto wetu wasiwe na hofu. Lakini paka kwa paka huambukizana kwa chafya, kwa bakuli, na hata kwa mikono ya anayewashika. Herpesi ikishaingia haitoki. Hujificha ndani ya mishipa ya fahamu ya uso, ikalala, na paka anapopata msukosuko, kuhamishwa, kelele, mgeni, huamka. Aidha, ugonjwa unapompata paka angali mchanga, huweza kuharibu utando na vifupa vyembamba vya ndani ya pua, na bakteria wakapata makazi ya kudumu. Tuliuliza, "Atapona lini?" Akasema tumzoee kwamba atakuwa na siku nzuri na siku mbaya.

Tukamsimulia yote tuliyofanya, na tulipofika kwenye panadoli, aliweka kalamu chini. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama liwezavyo ini letu. Damu hubadilika rangi ikashindwa kubeba hewa, fizi zikawa za kahawia, uso na nyayo vikavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 hutosha kumuua paka mkubwa, na huyu hakuwa na uzito hata wa kilo moja. Paka, alieleza, huonja kwa pua kwanza; asiposikia harufu hali. Yale maziwa Tenga aliyakataa kwa sababu hakuyasikia. Njia nzima ya kurudi tuliikumbuka ile siku tuliyomwita mkaidi.

Tulirudi na doksisaiklini, kwa ajili ya bakteria tu, kwani virusi haiwagusi, pamoja na agizo kwamba kila kidonge kifuatwe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana kikikwama kooni huunguza. Chanjo ataanzishiwa akipata nguvu. Haimtoi kirusi aliyekwisha kuingia, ila hupunguza ukali wa aina nyingine. Kwa jirani mwenye paka mzima tulikwenda wenyewe kumweleza, akawachanje wake na asiwaache wale katika bakuli moja na wetu.

Maisha ya nyumbani yamejipanga upya, kimya kimya. Dagaa hupashwa moto mpaka harufu ijae jikoni, kwa sababu harufu kali ya moto hupenya pale ile ya baridi isipopenya. Asubuhi, maji ya kuoga yakichemka, Tenga hukaa nasi bafuni dakika kumi ndani ya mvuke, mlango umefungwa, na kamasi hulainika. Hatumtii mafuta ya kujichua wala ubani puani, ingawa tumeshauriwa mara nyingi. Bakuli lake huoshwa kwa sabuni, kisha kwa jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa 32, likasuuzwa na kukaushwa juani. Kanga yake ni yake. Manyoya yanayobaki kwenye nguo ya kuswalia tunayapangusa. Wanazuoni wetu wanayahesabu yaliyonyofoka kuwa najisi, ila machache yamesamehewa, na mwenye kuishi na paka ataelewa kwa nini yalisamehewa.

Lililotufundisha zaidi ni Idd. Walikuja jamaa kutoka Dar es Salaam, nyumba ikalala watu kumi na wanne kwa siku tatu, na watoto wakampokezana Tenga kama mpira. Tuliona haya kuwakataza siku ya furaha. Wageni waliondoka naye akiwa mzima kabisa, tukafurahi. Siku ya saba jicho likafunga. Alipiga chafya wiki mbili mfululizo, siku mbili hakugusa chakula, tukamlisha supu ya samaki tone kwa tone usiku kucha kwa zamu. Tulipompigia daktari hakushangaa: kirusi kikishasumbuliwa, alisema, huchukua kama juma moja kujitokeza. Safari hii kosa lilikuwa letu wenyewe. Idd ijayo, in shaa Allah, Tenga atakaa chumba cha ndani na mlango utafungwa, na tutawaambia jamaa zetu sababu, hata wakitucheka.

Yule mzee wa safu ya kwanza bado hapendi kamasi. Hata hivyo, tangu Idd huuliza kila baada ya Magharibi, "Mgonjwa wenu ameshindaje?" na juzi alituletea vichwa vya samaki katika mfuko, akaviweka juu ya ukuta bila ya kuingia.

Alfajiri ya leo amepiga chafya mara nne, jicho kavu. Tumempashia dagaa, amekula.