Mteremko wa Kusini

Kiangazi cha mwaka 1986 nilikabidhiwa keekee ya udongo, daftari na kofia ngumu, nikaambiwa nianze na mteremko unaotazama kusini. Ilikuwa jimbo la Wyoming, Marekani, nje ya mji wa Gillette, kwenye machimbo ya wazi ya makaa ya mawe. Nilikuwa kijana wa elimu ya udongo, nimetoka Morogoro kwenda kuongeza masomo. Kwetu Tukuyu ukichomeka kijiti cha ua, mwezi hauishi kimeshachipua. Pale mvua ya mwaka mzima haifiki inchi 20, na upepo hauna siku ya kupumzika.

Kibali cha machimbo kilikuwa kinakaribia kuisha. Sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter tarehe 3 Agosti 1977 inatoa kibali cha miaka 5, na anayetaka kukihuisha hupeleka maombi siku 120 kabla ya muda kwisha. Kisha tangazo hutoka gazetini mara moja kwa wiki, wiki 4 mfululizo. Nililisoma mgahawani, limebanwa chini kabisa ya ukurasa, jirani na tangazo la trekta kuukuu.

Nilidhani ni kazi ya kugonga muhuri tu. Kwa kweli sheria yenyewe inamwelekea mchimbaji: ana haki ya kuongezewa muda, na anayepinga ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Ila kama masharti ya kibali hayatimizwi, anaweza kunyimwa. Na katika masharti yote, zito ni lile la kuirudisha ardhi.

Nitaeleza lilivyo, maana nimekutana na wengi wanaodhani kuirudisha ardhi ni kufukia shimo. Kabla makaa hayajaguswa, udongo wa juu hukwanguliwa peke yake na kulundikwa kando. Ndipo kifusi kinaondolewa na makaa yanatolewa. Tabaka la pale lina unene unaopita mita 20, ukisimama chini yake unajiona mdogo mno. Kifusi kinarudishwa, ardhi inapewa sura inayokaribia ile ya mwanzo, udongo wa juu unatandazwa, mbegu zinapandwa. Muda wote huo mchimbaji ameweka dhamana ya fedha. Akimaliza kusawazisha anaweza kurudishiwa hadi asilimia 60. Nyingine inasubiri majani yashike. Ya mwisho inasubiri miaka: 5 penye mvua nyingi, 10 pale ambapo mvua ya mwaka haizidi inchi 26. Na ukilazimika kupanda tena, hesabu inaanza upya.

Hiyo hesabu ndiyo iliyoufanya mteremko wangu kuwa na maneno.

Kwenye ramani ulipakwa rangi ya kijani. Ukiuona kwa mbali ulikuwa wa kijani kweli. Nilichimba shimo la kwanza, keekee ikagonga kifusi mapema mno. La pili hivyo hivyo. Hadi jua linazama nilikuwa na mashimo 14, na katika 11 udongo wa juu haukufika hata nusu ya kina kilichoandikwa kwenye mpango. Nyasi zilikuwa zinaishi kwa akiba ndogo. Kiangazi kimoja kikali kingezimaliza.

Asubuhi meneja mmoja akaniuliza kama nina uhakika. Hakuniuliza kwa ukali. Tukaenda pamoja, akashika keekee mwenyewe, akachimba matatu. Kisha akaomba takwimu zile zisubiri mpaka mkutano wa kibali upite. Mama aliyekuwa msimamizi wangu, mtu wa maneno machache, alikataa. Aliziingiza kwenye jalada siku ile ile. Nami nakiri kwamba kama ingekuwa juu yangu peke yangu, mgeni mwenye viza ya masomo, sijui kama ningethubutu.

Mkutanoni alikuja mzee mmoja mfugaji, mpakani na machimbo. Nchi ile makaa yenyewe ndiyo yanayobeba maji ya chini, na kisima chake kilikuwa kimeshuka. Alishika kofia yake mapajani mpaka zamu yake ilipofika. "Ninyi mnahesabu majani," alisema. "Ng'ombe wangu hahesabu. Anakula au anaondoka." Hakuwa na ripoti wala wakili, na kuhusu kisima hakuweza kuthibitisha alichokijua. Lakini kuhusu mteremko karatasi ilikuwepo, na mkaguzi wa jimbo akaisoma kwa sauti.

Kibali kilihuishwa, pamoja na sharti la kuongeza udongo na kupanda upya. Majira ya kuchipua ya 1987 nilisimama juu ya mteremko ule nikiangalia greda zikitandaza udongo, nikajua miaka 10 inaanza kuhesabiwa tangu hapo.

Kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuja 2004. Vijana wanapoleta mbele yangu mpango wa kufunga mgodi, naruka picha za miche iliyostawi, natafuta kwanza ukurasa wenye kina cha udongo na wenye kiasi cha dhamana. Mara nyingi nalazimika kuuliza uko wapi.

Mwaka 1998 yule mama aliniandikia. Mzee alikuwa ameshafariki, mwanawe ndiye analisha ng'ombe mpaka kwenye uzio. Nyasi za mteremko zilikuwa zimeshika vizuri, ila vile vichaka vya kijivu vyenye harufu kali, ambavyo swala wa kule huvitegemea majira ya theluji, vilikuwa bado haba. Fedha za mwisho za dhamana zilikuwa hazijarudishwa.