Wimbi la Mtu wa Nyuma

Kwa tuliokulia Lamu, chombo kizuri ni kile kinachokata maji bila kuyasumbua. Kikiacha vurugu la mawimbi nyuma yake, wazee hawana maswali mengi: ama kimeundwa ovyo, ama kimepakiwa ovyo. Sasa naishi Minnesota, na majira ya joto yakifika mpwa wangu hunipeleka Ziwa Minnetonka kwa boti iliyoundwa makusudi ili itende dhambi hiyo.

Mchezo wenyewe ni kuteleza kwa ubao juu ya wimbi la boti. Mpandaji huanza kwa kushika kamba. Akishasimama na kuupata msukumo, huiachia kamba, akaifuata boti kwa nguvu ya maji peke yake, mita chache tu nyuma ya tezi. Kwa hiyo boti hizi huwa na pangaboi lililofichwa chini ya tumbo. Kucheza hivi nyuma ya injini ya kawaida ya kuning'inia ni kutafuta kifo. Watu wa jimbo hili hawashangazwi na mambo ya namna hii. Mwaka 1922, katika Ziwa Pepin, kijana Ralph Samuelson alichemsha ncha za mbao mbili ili azipinde, akateleza nazo majini nyuma ya boti, na ndiye anayetajwa kuwa baba wa skii za majini. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mbao za pipa, zikamwangusha.

Boti hutembea polepole, kilomita 17 au 18 kwa saa. Wimbi huumbwa na uzito: tumbo la boti huyasukuma maji pembeni, nayo hurudi kwa kishindo kuliziba pengo lililoachwa nyuma. Pengo likiwa kubwa, wimbi huwa kubwa. Ndiyo maana boti ina matangi ya farumi, yaani uzito unaopakiwa makusudi, na farumi yake ni maji ya ziwa lenyewe, yanayovutwa kwa pampu. Lita moja ni kilo moja, na si ajabu boti ikabeba tani moja na nusu ya maji kabla mtu hajagusa maji.

Kwetu pia tulihamisha uzito. Kwenye mashindano ya mashua, mifuko ya mchanga husukumwa upande wa joshi na mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokeza nje, ili chombo kisilale na wote waliomo wafike. Huku boti hulemazwa kidogo kwa hiari, na walio ndani huvumilia, ili mtu mmoja aliye nje apate pa kusimama. Nimelitafakari hilo mara nyingi nikiwa nimekaa upande kwenye kiti kilichoinama, kahawa ikinimwagikia.

Vijana wakiona wimbi dogo, dawa yao ni moja: jaza matangi ya nyuma. Wimbi hupanda kweli, lakini huwa fupi na lenye mteremko mkali, mpandaji hana nafasi ya kupumua, na omo huinuka mpaka nahodha haoni mbele. Mpwa wangu hufanya jambo linaloonekana la kipumbavu: huongeza uzito mbele. Wimbi hushuka kidogo, kisha hurefuka, na msukumo wake hudumu. Nadhani wengi wetu tumeishi kama wale vijana, tukirundika nguvu zote pale matokeo yanapoonekana, na kule mbele, kusikotazamwa na mtu, tukaacha patupu. Watu nao ni farumi. "Mjomba, sogea hapa mbele," huniambia, nami hujua si heshima tu, ni kilo zangu zinazohitajika.

Zamani ilibidi uzito wote ulundikwe upande wa mpandaji mpaka boti ilale. Anayetanguliza mguu wa kushoto hupenda wimbi la kushoto, wa mguu wa kulia hupenda la kulia, na kubadilisha upande kulimaanisha kuhamisha mifuko mizito ya maji. Kisha zikaja boti kama za kampuni ya Malibu zenye Surf Gate: kibao hufunguka upande usiopandwa, huyachelewesha maji ya upande huo yasikutane mapema na menzake, na wimbi la upande wa pili hubaki safi. Sasa ni kubonyeza kitufe. Sijui kama ni bahati. Wale waliobeba mifuko walijua kila kilo imekaa wapi.

Hata kwa vitufe, mpwa wangu hagusi vitu viwili kwa mpigo. Akibadilisha uzito, mwendo haubadiliki. Akiongeza mwendo hata kwa nusu kilomita, matangi hayaguswi. Kisha huuliza. Yeye hatazami nyuma, macho yake yapo njiani. Sheria ya hapa inataka kuwe na mtazamaji au kioo cha kuonea nyuma, na mtazamaji mara nyingi ni mimi. Naangalia magoti ya mpandaji: kama anahangaika kusukuma ubao, kama povu limemfikia. Ninachosema ndicho nahodha anachokiamini kuhusu wimbi alilolitengeneza mwenyewe. Ni kazi ndogo, lakini inamtaka mtu aache kusifu ovyo. "Safi sana" haimsaidii nahodha. "Sehemu ya juu imejaa povu" inamsaidia.

Na wimbi haliishii kwa mpandaji. Watafiti wa Maabara ya St. Anthony Falls, Chuo Kikuu cha Minnesota, walipima mwaka 2022 wakaona boti hizi zinahitaji zaidi ya futi 500, yaani mita 150 na ushee, kutoka ufukweni ili mawimbi yake yapungue hadi kiwango cha boti za kawaida. Vermont imeweka umbali huo katika kanuni zake za 2024, pamoja na kina cha futi 20. Naunga mkono. Mwenye gati dogo la mbao hakuombwa ushauri tulipojaza matangi. Tena maji ya kina kifupi hulivuruga wimbi lenyewe, kwa hiyo anayekwenda katikati hapotezi kitu.

Tunapogombana ni jioni. Watoto wa mpwa wangu hutaka tuivute boti hadi ziwa jingine ambako hakuna msongamano. "Babu, mwambie baba," hunisihi. Lakini Minnetonka ina kome wenye milia tangu 2010. Mabuu yao hayaonekani kwa macho, na pampu haimalizi maji yote ya tangi. Kwa hiyo nasimama na baba yao. Vizibo vinafunguliwa, maji yanamwagwa papo hapo, na boti inakwenda kukaushwa siku kadhaa, watoto wanune wasinune.